Simu za Intaneti Ofisini: Namba Iwe ya Chama, Isiwe ya Mtu



Katika mkutano mkuu ujao mtaletewa shauri la kutia simu za mezani za intaneti katika ofisi zetu tatu, Chake Chake, Wete na Mkoani. Kamati imekwisha kulizungumza mara mbili bila ya kukata neno. Wako wanaosema ni anasa, kwani nani leo hana simu mkononi? Na wako wanaosema zitiwe kesho, tena nyingi, ili tufanane na mabenki. Sisi hatukubaliani na hao wala hao. Fikra yetu ni kwamba simu hizo zatufaa, na zitiwe kabla ya msimu, lakini kwa sharti moja kubwa: kwanza tukubaliane nani atazitunza, nani atajibu, na funguo zake zitakaa wapi. Bila ya sharti hilo, afadhali fedha zibaki katika sanduku la Chama zikanunue majamvi.

Tuanze na lile linalotuumiza. Karafuu haingoji mtu. Ikichumwa leo, usiku huchambuliwa, na asubuhi lazima iwe juani. Mvua ikinyesha siku ya pili, kazi ya nyumba nzima imo hatarini. Katika siku hizo mwanachama wa shamba anataka kujua mambo madogo tu: kituo cha kununulia kitafunguliwa kesho au la, gari itapita njia ipi, na magunia yapo au yamekwisha. Hupiga namba aliyopewa. Namba hiyo ni ya nani? Ni ya karani. Na karani ni mwanadamu. Leo yuko mazikoni, kesho simu yake haina chaji, mwakani amepata kazi Unguja akaondoka na laini yake mfukoni. Namba waliyoizoea wanachama mia kadhaa huondoka naye, wala hatuna haki ya kumdai, kwani laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole vyake ni yake. Tangu Januari 2020, zilipoanza kufungwa laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole, jambo hilo halina mjadala tena.

La pili ni baya zaidi. Kila mmoja wetu amekwisha kupata ule ujumbe wa matapeli, "ile hela tuma kwenye namba hii". Wengi huucheka na kuufuta. Lakini msimu ukifika matapeli hawacheki, maana wanajua fedha zimeingia vijijini. Mzee hupigiwa simu, akatajwa kwa jina lake na la kijiji chake, akaambiwa kuwa anayesema ni mtu wa ofisi ya Chama, na kwamba malipo yake yamekwama, basi atume kidogo ili yafunguliwe. Mzee huyo atamjuaje mkweli na mwongo, ikiwa sisi wenyewe wa ofisini humpigia leo kwa namba hii na kesho kwa namba ile? Ukosefu wa namba moja inayojulikana ni mlango tuliouacha wazi, na mwizi hana haja ya kuvunja.

KHABARI ZA GOWEKO

Kamati ilitutuma bara kwenda kutazama jinsi wenzetu wa asali na tumbaku wa upande wa Tabora wanavyoendesha vyama vyao, na katika safari hiyo treni yetu ilisimama Goweko. Goweko ni kituo cha Reli ya Kati, mashariki ya Tabora. Ukitoka Nyahua wafika Goweko, ukitoka Goweko waendelea Igalula na Tabora. Kwa mtu wa visiwani si mahali pa ugeni sana. Njia kuu ya misafara ya zamani, iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, ilipita katika nchi ile ile, kwa vituo vya Tura, Rubuga na Kigwa. Njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu na nguo, na ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo, baadhi yao wakaishia katika mashamba ya karafuu. Hayo tunayasema kwa sababu ni kweli, wala si kwa kujivuna. Baadaye Wanyamwezi wengi walikuja visiwani kwa hiari zao, wakalima na kuchuma mashambani mwetu, na wajukuu zao tunao leo. Basi jambo la Goweko linatuhusu.

Tazameni jinsi khabari ilivyokuwa ikisafiri katika njia hiyo. Waingereza Burton na Speke walipoondoka pwani mwezi wa Juni 1857, walifika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba, siku ya 134 ya safari. Hiyo ndiyo iliyokuwa kasi ya barua: kasi ya miguu ya mpagazi. Lakini kisa cha mfuko wa barua za Livingstone kina mafunzo zaidi. Mfuko huo uliandikwa Unguja tarehe 1 Novemba 1870, ukapelekwa Ujiji aliko mwenyewe. Ulimfikia Novemba 1871, yapata mwaka mzima. Je, njia ilikuwa ya mwaka? Hasha. Watu waliopewa mzigo walikaa Bagamoyo siku nyingi bila ya kuondoka, kisha mfuko ukalala tena Unyanyembe, mpaka Stanley alipoukuta na kuuchukua. Njia ilikuwapo, wapagazi walikuwapo, na mshahara ulikuwa umekwisha kutolewa. Kilichokosekana ni mtu wa kuulizwa: mfuko huu uko wapi, na kwa nini haujaondoka?

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, waya wa khabari ulikuwapo kando yake, na kwa waya siku 134 huwa dakika. Hapo ndipo tulipojifunza jambo. Reli ile ni njia moja tu. Treni mbili zikiingia kati ya vituo viwili kwa pande mbili, watu watakufa. Kwa hiyo tangu zamani desturi ya reli ya njia moja ni kwamba treni haiondoki kituoni mpaka kituo cha mbele kiulizwe kama njia i wazi, nacho kijibu, na jibu liandikwe pamoja na saa yake. Asipojibu mtu, treni hungoja. Mkuu wa kituo akibadilishwa zamu, anayepokea husoma kwanza yaliyoandikwa. Chombo kimebadilika mara nyingi katika miaka mia na zaidi. Ilikuwa telegrafu, ikaja simu ya waya, ikaja redio. Desturi ya kuuliza, kujibu na kuandika ndiyo iliyokaa, nayo ndiyo inayolinda roho za abiria.

Abiria wenzetu walinung'unika kwa kungoja pale Goweko. Sisi tuliona kwamba mahali padogo, penye nyumba chache kando ya pori la miombo, pameweza kufanya kazi ambayo ofisi zetu tatu za mjini hazijaiweza: mtu akiuliza, lazima yuko wa kujibu, na jibu lake hubaki hata yeye akiondoka.

SIMU HII NI KITU GANI

Wengi wameuliza, simu ya mezani ya intaneti ni nini hasa? Kwa sura ni simu kama zile za zamani, ina mkono wa kusikilizia na vitufe vya namba. Tofauti ni kwamba haichomekwi katika waya wa simu, bali katika waya wa intaneti. Sauti ya msemaji hukatwa vipande vidogo vidogo, kwa kawaida 50 kwa kila sekunde, kila kipande kikatiwa anwani na kupelekwa, kisha upande wa pili vikapangwa tena vikawa sauti. Kati ya simu na simu iko swichibodi, lakini swichibodi yenyewe ni programu ndani ya seva, wala si kabati la waya. Seva hiyo yaweza kukaa ofisini mwetu, au kwa kampuni ya simu iliyo mbali. Kila simu hujiandikisha kwake kwa jina na neno la siri, nayo huipa namba ya ndani, tuseme 101 kwa karani wa Chake Chake na 201 kwa wa Wete. Mtu wa Wete akimpigia wa Mkoani hulipi gharama ya simu, kwani maneno yamepita katika intaneti ambayo tumekwisha kuilipia.

Hapa pana jambo ambalo wapinzani wa shauri hili hawakulitazama vizuri. Wanasema: "Wazee wetu wana vitochi, hawana intaneti. Simu hiyo ni ya nani?" Twawajibu kuwa intaneti yatakiwa upande wetu tu. Chama kitapewa namba ya kawaida ya simu ya mezani, ile inayoanza na 024 kwa Zanzibar, kama vile Tabora ilivyo na 026 yake, na mzee wa shamba ataipiga kwa kitochi chake kama anavyopiga namba nyingine yoyote. Kundi la WhatsApp, ambalo wengine wanalisifu, linafaa kwa matangazo. Lakini ndilo linalomwacha nje mwenye kitochi, na ndilo ambalo swali la mtu mmoja huzama chini ya salamu za watu hamsini.

Wengine wanahofia kwamba simu hizi zitakula intaneti yote. Hesabu si kubwa. Kwa namna ya sauti iliyo safi kabisa, simu moja hutumia kilobiti zipatazo 90 kwa sekunde kila upande. Simu sita zikizungumza kwa pamoja hutumia yapata nusu ya megabiti. Saa nzima ya mazungumzo ni kama megabaiti 80 kwa pande zote mbili, na ziko namna za kuibana sauti zinazopunguza hata hizo. Linaloharibu mazungumzo ni kuchelewa na kukatikakatika kuliko wembamba wa njia. Sauti ikichelewa zaidi ya milisekunde 150 wasemaji huanza kuingiliana maneno. Na intaneti ya setilaiti ya juu sana, ile iliyo umbali wa kilomita 36,000, huchelewesha yapata robo ya sekunde kwa kwenda na kushuka tu. Basi tutafute intaneti ya waya au ya mnara ulio karibu, na fundi aiambie ruta kuwa sauti ipite kwanza, picha na video zingoje. Kijana anayetazama mpira kwa kompyuta ya ofisi asimkate mwanachama maneno.

UMEME

Hoja yenye nguvu kuliko zote ni ya umeme, na waliyoileta tunawaheshimu. Simu ya zamani ilipata umeme wake kutoka kwa waya wa simu wenyewe. Taa zikizima, yenyewe ilikuwa hai. Simu ya intaneti hufa pamoja na taa. Nani asiyekumbuka Unguja ilivyokaa gizani kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa baharini ulipoharibika? Sisi wa Pemba siku hizo tulikuwa tukitegemea majenereta ya Wesha, na waya wetu wa kutoka Tanga ulitufikia mwaka huo huo wa 2010. Tumepata nafuu kubwa, lakini mtu wa kisiwani hasahau kuwa taa yake imepita chini ya bahari.

Dawa yake ipo, wala si ghali. Simu hizi zaweza kupata umeme kwa waya ule ule unaoleta intaneti, kutoka kwa swichi moja, kwa hiyo ukiilinda swichi na ruta umezilinda simu zote. Simu yenyewe hutumia wati chache tu. Ofisi yenye simu mbili, swichi ndogo na ruta haipiti sana wati 30. Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100, tukiitumia nusu yake tu ili isife mapema, itatosha kuiendesha siku nzima ya kazi. Na intaneti yenyewe ikikatika, seva iliyo nje ya ofisi yaweza kuamriwa izipeleke simu zinazoingia katika simu ya mkononi ya zamu. Kwa hiyo twasema wazi: asiyetaka kununua betri asinunue simu.

NANI ANASHIKA SWICHIBODI

Huko Kansas City, Marekani, alikuwako mzishi wa maiti akiitwa Almon Strowger. Inasimuliwa kuwa aliona wateja wake wanapungua, akashuku kwamba mwanamke wa swichibodi, akiombwa aunganishe kwa mzishi, huwaunganisha na mshindani wake. Kwa hasira akabuni swichibodi ya kujiendesha yenyewe, isiyohitaji mtu wa kuunganisha, akapata hati ya ubunifu wake mwaka 1891. Kisa kiwe kamili au kimetiwa chumvi, maana yake ni moja: anayeshika swichibodi ndiye anayeamua simu iende wapi, na anayeamua simu iende wapi ameishika biashara.

Siku hizi hakuna mwanamke wa kuunganisha, lakini liko neno la siri la msimamizi. Mwenye neno hilo aweza, kwa dakika moja, kuipeleka namba ya Chama katika simu yake mwenyewe. Atasikia bei, atajua nani amelipwa, na atamjibu mwanachama kwa sauti ya Chama. Basi neno la siri ni amana kama ufunguo wa sanduku la fedha. Hatumshuku mtu yeyote. Lakini sanduku la fedha nalo tunalifunga bila ya kumshuku mtu. Kutokana na hayo twapendekeza kanuni zifuatazo, na tungependa mkutano uzipitishe kabla ya kupitisha ununuzi.

Kwanza, namba na mkataba viandikwe kwa jina la Chama, na nakala ikae kwa mwenyekiti na kwa mshika fedha. Kampuni tutakayoandikiana nayo iwe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na mkataba useme wazi kama tutaweza kuondoka na namba yetu siku tukihama. Tusipouliza hilo mwanzo, tutaliuliza mwisho kwa machozi.

Pili, neno la siri la msimamizi lijulikane na watu wawili, na nakala yake iwe ndani ya bahasha iliyotiwa lakiri katika sanduku la Chama. Mmoja wa hao wawili akiondoka kazini, libadilishwe siku ile ile. Kila simu iwe na neno lake, refu, wala yasibaki yale yaliyokuja nayo kutoka kiwandani. Duniani ziko programu zinazozunguka mchana na usiku zikitafuta swichibodi zenye maneno dhaifu. Wakiingia wezi hupiga simu za nje za bei kubwa, kwa kawaida usiku au sikukuu ofisi ikiwa imefungwa, na ankara humjia mwenye namba.

Tatu, kwa sababu hiyo, simu za nje ya nchi, zile zinazoanza na 000, zifungwe katika simu zote ila moja ya ofisi kuu. Fedha za kupigia ziwe za kulipa kabla, na kiwango cha siku kiwekwe. Mwizi akiingia, aikute pochi ndogo.

Nne, simu ya Chama isiachwe ikalia bure. Ilie kwanza Chake Chake, ikilia mara nne bila ya jibu, ilie Wete, kisha Mkoani, kisha simu ya mkononi ya zamu. Msimu ukiwapo, zamu iwe mpaka saa mbili usiku. Wala tusiweke ile mashine ya "bonyeza moja, bonyeza mbili", ambayo humzungusha mtu mpaka salio likamwishia. Mwanachama analipia simu kwa jasho lake; asikie sauti ya mtu, imwitikie salamu yake, imtajie jina la ofisi.

Tano, liwepo daftari. Seva huandika yenyewe nani amepiga, saa ngapi, na kama amejibiwa. Karani aandike kwa mkono ameulizwa nini na amejibu nini. Kila mwezi Kamati isomewe hesabu ya simu zisizojibiwa, ofisi kwa ofisi. Wazee wamesema, mali bila daftari hupotea bila khabari. Na uaminifu wa wanachama ni mali. Ama kurekodi sauti za watu, tusirekodi bila ya kuwaambia. Tangu mwaka 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kabla ya sheria ilikuwapo adabu.

Sita, namba ya Chama ipakwe rangi mlangoni pa kila ofisi, ichapwe juu ya kila stakabadhi, na itangazwe misikitini na katika mikutano ya shehia. Pamoja nayo litangazwe neno hili: Chama hakiombi fedha kwa simu, kamwe. Tena ieleweke kwamba namba inayotokea juu ya kioo cha simu yaweza kughushiwa, kwa hiyo hata ikitokea namba yetu, mwenye shaka akate, kisha apige yeye mwenyewe namba iliyo juu ya stakabadhi yake. Hapo tapeli amekwisha, kwani aweza kujifanya anatoka kwetu, lakini mzee akipiga namba yetu simu italia kwetu.

Saba, kila Jumatatu asubuhi kila ofisi ipige ofisi nyingine mbili, izime umeme dakika tano kuijaribu betri, na iandike. Simu moja ya akiba iwepo kabatini, na nakala ya mipango ya swichibodi itunzwe nje ya swichibodi yenyewe. Na kwa mambo ya hatari, kama mtu ameanguka mkarafuuni, asingojwe karani. Namba ya dharura 112 ipigwe kwa simu ya mkononi iliyo karibu, kwani simu ya intaneti yaweza kuonekana kule inakopokewa kuwa iko mji mwingine kabisa.

TUNUNUE AU TUKODI

Limebaki swali la fedha. Wapo wanaotaka Chama kinunue seva yake sasa. Wanatoa mfano wa Mark Spencer, kijana wa Marekani aliyekuwa na kampuni changa, ambaye mwaka 1999 aliona bei ya swichibodi imemshinda, akaandika programu yake mwenyewe iitwayo Asterisk, akaiachia dunia bure. Ni kweli, programu hiyo hufanya kazi hata katika kompyuta ndogo, na ofisi nyingi za ulimwengu huitumia. Lakini programu ya bure haina maana ya kazi ya bure. Mwenye seva ndiye mlinzi wake. Lazima aisasishe, aifungie milango, na aamke usiku ikianguka. Leo Chama hakina mtu wa kazi hiyo, na kumwita fundi kwa boti kutoka Unguja kila seva inapokohoa ni gharama isiyoonekana katika bei ya dukani.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Mwaka wa kwanza tukodi swichibodi kwa kampuni yenye leseni, tununue simu sita tu, mbili kwa kila ofisi, pamoja na swichi na betri zake. Katika mwaka huo huo tuwasomeshe vijana wawili wa wanachama, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, wajifunze kuziandikisha simu, kubadili maneno ya siri na kusoma madaftari ya seva. Baada ya misimu miwili, tukiwa na watu wetu na hesabu zetu mkononi, tutaamua kununua au kuendelea kukodi. Hapo tutakuwa tunaamua kwa tunayoyajua, si kwa maneno ya muuzaji.

Tunajua watakuwapo wa kusema kwamba kwa fedha hizo tungenunua miche. Miche tunaitaka, na katika bajeti imo. Lakini mkarafuu huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa vizuri, na mwenye mkarafuu atakuwa mwanachama wetu katika miaka hiyo yote ikiwa tu akituuliza tunamjibu. Mwanachama aliyepiga mara tatu bila ya kujibiwa hapigi mara ya nne. Huuza kwa magendo kwa mtu aliyempokea simu. Tukilalamika juu ya magendo na huku simu yetu inalia bila ya mwenyewe, tutakuwa tumejiibia wenyewe.

Njooni mkutanoni, wanachama wa mashamba yote, na kila mmoja aje na hoja yake. Mwenye kupinga apinge, na mwenye hesabu iliyo bora kuliko yetu ailete mezani. Tunachoomba ni kwamba msinunue simu mkaacha kanuni, kwa maana chombo kizuri mikononi mwa watu wasioulizwa kitalala kama ulivyolala ule mfuko wa barua Unyanyembe, na huku mwenyewe anangoja.

Wabillahi tawfiki.

Katibu wa Chama